Ruzuku ya mradi, ruzuku ya msingi, mfuko wa pamoja au ada za wanachama: ufadhili upi unafaa asasi za kiraia wakati wa mpito?

Utawala wa muda mrefu umeanguka, au umekubali kukaa mezani. Ipo serikali ya mpito, ipo tarehe ya uchaguzi inayosogezwa kila mara, ipo rasimu ya katiba ambayo wengi wameisikia redioni na wachache wameisoma. Wewe una fedha, ziwe za taasisi ya hisani, za ubalozi, za jumuiya ya walioko ughaibuni au za baraza la dini, na unataka ziwafikie wanaodai mageuzi. Kwa kawaida kikao huanza na swali la kiasi. Nimefanya kazi upande wa wanaoandika maandiko ya kuomba fedha, baadaye upande wa wanaoyasoma, na kwa niliyoyaona naomba kikao kianze na swali jingine: fedha hizi zikishaingia, kikundi kitatoa hesabu kwa nani?

Kila njia ya kutoa fedha hukigeuzia kikundi uso upande fulani. Moja hukielekeza kwa afisa wa ruzuku, nyingine kwa bodi yake, nyingine kwa wanachama. Nchi ikiwa imetulia, hayo ni mambo ya ofisini. Nchi ikiwa kwenye mpito, ndiyo yanayoamua kama kikundi kitakuwepo miaka mitano baadaye.

Ruzuku ya mradi

Hii ndiyo iliyozoeleka. Asasi huandika andiko, huweka malengo, shughuli na bajeti ya mwaka mmoja au mmoja na nusu, hupokea fedha kwa awamu na kutoa taarifa kila robo mwaka. Kila senti ina kifungu chake, na mkaguzi wa hesabu akija anajua pa kuanzia. Kwa anayeshika fedha za walipakodi wa nchi nyingine, hilo si jambo dogo.

Inafaa sana kwa kazi yenye mwanzo na mwisho. Kutazama uchaguzi ni mfano mzuri. Ufilipino, katika uchaguzi wa Februari 1986, NAMFREL, asasi ya raia ya kutazama uchaguzi, ilikusanya mamia ya maelfu ya watu wa kujitolea, ikajumlisha matokeo ya vituo kando ya hesabu ya tume, na tofauti ya hesabu hizo mbili ikawa miongoni mwa mambo yaliyomng'oa Ferdinand Marcos. Kazi kama hiyo ina tarehe, ina idadi ya vituo, ina simu na nauli zinazohesabika. Iandikie mradi bila wasiwasi.

Mageuzi mengine hayana ratiba. Nakumbuka asasi moja iliyokuwa na bajeti ya warsha nne, za siku mbili mbili, katika wilaya nne. Kabla ya warsha ya pili, serikali ya mpito ikatangaza wiki tatu tu za kupokea maoni juu ya rasimu ya sheria ya uchaguzi. Kilichohitajika ni karatasi, mashine ya kurudufu na nauli za vijana wa kuipeleka rasimu vijijini. Fedha zilikuwa benki. Lakini kifungu kilisema "ukumbi, chakula, posho", na kuhamisha fedha kutoka kifungu hadi kifungu kulihitaji barua ya ruhusa. Barua iliandikwa siku ileile. Jibu la kukubali lilifika siku ya thelathini na nne. Warsha tatu zilizobaki zilifanyika kama zilivyoandikwa, na washiriki wakajadili rasimu ambayo ilikuwa imeshapitishwa. Taarifa ya robo mwaka ilionesha utekelezaji wa asilimia mia moja, na mfadhili akaridhika nayo.

Halafu kuna karatasi ya mahudhurio. Kila aliyewahi kuingia kwenye warsha anaijua: namba, jina kamili, anakotoka, simu, sahihi, na pembeni kiasi cha nauli alichopokea. Mhasibu anaihitaji ili kuthibitisha kwamba watu thelathini walilipwa kweli. Sasa itazame karatasi hiyohiyo kwa macho ya afisa usalama. Misri, Desemba 29, 2011, miezi kumi baada ya Hosni Mubarak kuondoka, vikosi vya dola viliingia katika ofisi 17 za asasi mjini Kairo na kwingineko, vikachukua kompyuta na nyaraka. Juni 2013 wafanyakazi 43, raia wa Misri na wa nchi za nje, walihukumiwa. Wengi hukumu yao ilitolewa bila wao kuwepo mahakamani, na haikufutwa hadi Desemba 2018. Ukisisitiza ruzuku ya mradi, basi walau kubali ushahidi mwingine wa malipo: mkaguzi anayeona orodha bila kuondoka nayo, au namba badala ya majina. Mfadhili anayekataa hilo anamwomba mtu wa kijijini ajiandikishe kwa atakayekuja kumtafuta.

Ruzuku ya msingi

Hii hulipa vitu ambavyo havipigwi picha: kodi ya ofisi, mshahara wa mhasibu, wakili wa kuitwa usiku, umeme, bima ya afya ya dereva. Mfadhili anakubaliana na asasi juu ya mwelekeo wake kwa jumla, anatoa fedha kwa miaka mitatu au mitano, na asasi yenyewe inapanga namna ya kuzitumia. Katika kisa cha warsha nne, asasi yenye ruzuku ya msingi ingechapa rasimu asubuhi iliyofuata.

Naipendelea njia hii kuliko nyingine zote, na sababu kubwa ni yale yanayotokea baada ya ushindi. Tunaelekea kudhani hatari ni kabla ya utawala kuanguka. Kwa asasi, pigo mara nyingi huja baadaye, na huja kutoka mahali pawili kwa mpigo. Watu wake bora huitwa serikalini, na fedha huwafuata hukohuko.

Afrika Kusini ilipitia hayo waziwazi. Miaka ya 1980, fedha za nje zilipita kando ya serikali ya makaburu na kuyafikia makundi ya wananchi moja kwa moja. Kagiso Trust ilikuwa mojawapo ya njia kuu za fedha za Jumuiya ya Ulaya. Baada ya uchaguzi wa Aprili 1994, wafadhili wengi waliona, kwa nia njema, kwamba sasa ipo serikali halali ya kusaidia, wakahamishia fedha huko. Viongozi wa vyama vya mitaa wakawa wabunge na wakurugenzi. Vikundi vingi vikabaki na ofisi bila watu, kisha bila ofisi. Hata Idasa, taasisi iliyoanzishwa na Frederik van Zyl Slabbert na Alex Boraine na kujulikana kote kwa kazi yake ya demokrasia, ilifunga milango mwaka 2013 kwa kukosa fedha. Kenya iliyaona yake baada ya uchaguzi wa Desemba 2002: wanaharakati waliopigania katiba mpya kwa mwongo mzima waliingia bungeni na wizarani. John Githongo, aliyekuwa akiongoza tawi la Transparency International, shirika la kupinga rushwa, aliteuliwa mapema 2003 kusimamia maadili Ikulu, na miaka miwili baadaye akajiuzulu akiwa nje ya nchi. Siwalaumu walioitikia wito. Ila asasi iliyopoteza mkurugenzi na kubaki na fedha za warsha pekee haiwezi kumlea mkurugenzi mwingine, kwa sababu hakuna kifungu cha bajeti kinachoitwa kumlea mtu.

Ruzuku ya msingi ina ubaya wake, na nimeushuhudia. Fedha isiyobana humfaa pia mwanzilishi asiyetaka kuondoka. Asasi inageuka kuwa ya mtu na mkewe, bodi inakutana kwenye karatasi, na kwa kuwa taarifa ni ya jumla, mfadhili anachelewa kujua. Kwa hiyo kabla ya kutoa fedha za namna hii, usiombe andiko. Omba mihtasari ya vikao vya bodi ya miaka miwili iliyopita, uisome yote. Angalia kama kuna mahali mjumbe alimpinga mkurugenzi na hoja yake ikaandikwa. Muulize mhasibu, mkurugenzi akiwa hayupo, nani mwingine anatia sahihi kwenye hundi. Saa mbili za kazi hiyo zitakuonesha mengi kuliko kurasa arobaini za malengo na viashiria.

Mfuko wa pamoja

Hapa wafadhili kadhaa huweka fedha kwenye chungu kimoja, sekretarieti iliyopo nchini inazigawa, na asasi inaandika taarifa moja badala ya sita. Anayejua uchungu wa kuwa na mikataba sita, yenye miaka ya fedha sita tofauti, ataelewa kwa nini wengi huipenda. Sekretarieti nzuri pia inawajua watu, inajua nani ana kikundi na nani ana muhuri tu.

Uganda ndiyo iliyonifundisha upande wa pili. Mfuko wa Democratic Governance Facility ulianza 2011 kwa fedha za nchi kadhaa za Ulaya pamoja na Umoja wa Ulaya, ukawa tegemeo la asasi nyingi za haki na utawala bora. Mapema 2021 Rais Yoweri Museveni aliagiza usimamishwe. Zuio liliondolewa Juni 2022, na mwishoni mwa mwaka huo mfuko ukafungwa. Barua moja ilizikausha asasi nyingi kwa wakati mmoja, kwa sababu zote zilikuwa zinateka maji kisima kimoja.

Usidhani ni serikali mwenyeji pekee inayoweza kufunga kisima. Januari 20, 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90, na Julai 1 mwaka huohuo kazi zilizobaki za USAID, shirika lake la misaada, zikahamishiwa Wizara ya Mambo ya Nje ya nchi hiyo. Asasi zilizokuwa na mkataba uliotiwa sahihi na pande zote mbili ziliamka bila mishahara. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Wazee walisema hivyo kabla ya kuwepo wafadhili. Kama mfuko wa pamoja ndio njia yako, andika kwenye kanuni zake kwamba hakuna asasi itakayochukua humo zaidi ya theluthi moja ya bajeti yake ya mwaka. Wengine watalalamika kuwa ni masharti magumu kwa asasi changa. Ni magumu kweli, na bado ningeyaweka.

Jambo jingine ni lugha. Sekretarieti hupokea maandiko kwa lugha ya wafadhili, kwa fomu ndefu, kwa intaneti. Wanaoshinda ni walewale wa mji mkuu. Chama cha akina mama wa mpakani kilichosimamia mabaraza ya ardhi kwa miaka kumi hakitaonekana, labda atumwe mtu akae nao, asikilize, na maneno yao yawe ndiyo andiko.

Fedha ndogo za haraka kwa vuguvugu lisilosajiliwa

Kuna nyakati ambapo asasi zilizosajiliwa zimefungwa mdomo na kazi inafanywa na vijana wasio na katiba wala akaunti ya benki. Taasisi ya European Endowment for Democracy, iliyoanza kazi 2013, iliundwa kwa ajili ya wale wasiofikiwa na njia za kawaida. Fedha ni kidogo, uamuzi ni wa haraka, taarifa ni fupi.

Poland ya miaka ya 1980 inaonesha njia hii ikiwa katika ubora wake. Baada ya sheria ya kijeshi ya Desemba 13, 1981, Solidarność, chama huru cha wafanyakazi, ilifukuzwa mafichoni, na msaada wa vyama vya wafanyakazi vya nje ulipenyezwa kama vitu: mashine za kuchapia, wino, vifaa vya redio. Wino haugombewi kama fedha taslimu. Ukimaliza kuchapa, umekwisha, na kila mtu ameona ulikoishia. Ni wazo ambalo hadi leo halitumiki vya kutosha.

Serbia inaonesha mpaka wake. Otpor, vuguvugu la wanafunzi lililoanza Belgrade mwaka 1998, lilipata fedha za nje za vibandiko, rangi na fulana, na Oktoba 5, 2000 utawala wa Slobodan Milošević ulianguka. Miaka mitatu baadaye Otpor iligombea ubunge kama chama na haikufika hata asilimia mbili ya kura. Fedha za haraka ziliweza kuukuza moto. Kujenga nyumba ni fundi mwingine na vifaa vingine.

Kamati za mitaa za Sudan zilizosukuma maandamano yaliyomwondoa Omar al-Bashir Aprili 11, 2019 zilikuwa na tahadhari kubwa na fedha za nje, zikijua kwamba anayepokea kwa niaba ya mtaa anaanza kuonekana kiongozi wa mtaa. Vita vilipozuka Aprili 2023, watu wa mitaa hiyohiyo walianzisha vyumba vya dharura, wakapika kwenye masufuria ya pamoja kwa fedha ambazo ndugu walioko nje waliwatumia kwa simu. Wafadhili wakubwa walifika baadaye na kukuta hesabu zinatolewa mbele ya waliokula. Ukikuta utaratibu wa namna hiyo, usilete fomu yako juu yake. Jifunze wao wanavyohesabiana, uufuate.

Ada za wanachama

Kati ya njia zote, hii pekee ndiyo inayomfanya mwananchi kuwa mfadhili. Tunisia ndiyo inayonipa moyo. Mwaka 2013, baada ya wanasiasa wa upinzani kuuawa, Chokri Belaid Februari na Mohamed Brahmi Julai, bunge la katiba lilikwama na nchi ikawa karibu kugawanyika. Taasisi nne zilisimama katikati: chama cha wafanyakazi UGTT, chama cha waajiri UTICA, jumuiya ya haki za binadamu na chama cha mawakili. Katiba ikapitishwa Januari 2014, na mwaka 2015 wanne hao wakapewa Tuzo ya Amani ya Nobel. UGTT ilianzishwa 1946 na inaishi kwa ada za wafanyakazi. Ilipowaita wanasiasa mezani, hakuna aliyeweza kusema imetumwa, kwa kuwa mamia ya maelfu ya wanachama walikuwa nyuma yake, na kila mmoja alikuwa amelipia kiti chake.

Lakini ada haziwezi kila kitu. Chama cha wafanyakazi kitatetea wafanyakazi kwanza. Nani atamchangia mfungwa anayechukiwa na mtaa mzima, au kabila dogo ambalo wengi wanaliona kero? Kazi hizo zinahitaji fedha kutoka mbali, na zitaendelea kuzihitaji. Ethiopia ilijua hivyo ilipotunga sheria ya 2009: asasi iliyopata zaidi ya asilimia 10 ya fedha zake nje ya nchi ilizuiwa kufanya kazi za haki za binadamu, demokrasia na utatuzi wa migogoro. Baraza la haki za binadamu la nchi hiyo, ambalo ni asasi ya kiraia, lilizuiliwa fedha zake benki na kulazimika kufunga sehemu kubwa ya matawi yake. Sheria iliyoifuta, ya 2019, ilikuwa kati ya matunda ya kwanza ya mageuzi yaliyoanza mwaka uliotangulia.

Kutokana na hilo nashauri kitu ambacho sikuwa nakiamini zamani: kama fedha zako zinatosha kazi moja tu katika miezi ya mwanzo ya mpito, zipeleke kwenye sheria ya vyama. Tunisia iliandika yake Septemba 2011, amri namba 88. Chama kilianzishwa kwa kutoa taarifa tu bila kuomba kibali, na fedha za nje ziliruhusiwa kwa sharti la kutangazwa hadharani gazetini ndani ya mwezi mmoja. Uwazi huo ni ngao bora kuliko usiri, maana kilichotangazwa na mwenyewe hakiwezi kufichuliwa na adui. Mlango huo huwa wazi kwa muda mfupi, wakati walioingia madarakani bado wanakumbuka kuwa juzi walikuwa upande huu.

Kuna pia nchi zilizoliwekea jambo hili mtaji wa ndani. Ucheki ilitenga asilimia 1 ya hisa za wimbi la pili la ubinafsishaji kwa ajili ya taasisi za hisani, na kuanzia 1999 ikazigawia kama mtaji wa kudumu. Hungaria, kwa sheria ya 1996, ilimruhusu mlipakodi kuelekeza asilimia 1 ya kodi yake ya mapato kwa asasi anayoichagua. Ni njia za polepole, lakini asasi inayoishi kwa asilimia hiyo inalazimika kwenda kujieleza kwa watu wa kawaida, mmoja mmoja.

Ningechagua nini

Utawala ukiwa bado umekaza, ningetoa vitu na fedha ndogo za haraka, bila karatasi za majina. Miezi sita ya kwanza baada ya kuanguka, ruzuku ya mradi kwa watazamaji wa uchaguzi, na kwa kila asasi yenye bodi inayothubutu kumpinga mkurugenzi, ruzuku ya msingi ya miaka mitano itiwe sahihi kabla msisimko haujapoa, kwa sababu baada ya uchaguzi wa kwanza wafadhili wenzako wataanza kusema kazi imekwisha. Ndani ya mkataba huo ningeweka sehemu ya kulinganisha: kila ada inayokusanywa kwa wanachama, mfadhili anaongeza kiasi hicho hicho, na mwaka hadi mwaka fungu la mfadhili linapungua. Mfuko wa pamoja ningeujenga mwisho, nikiwa na uhakika kwamba hautakuwa kisima pekee.

Na kifungu kimoja kisikose, hata kama wanasheria wako watakipinga: mfadhili akitaka kuondoka, kwa sababu yoyote, atatoa taarifa miezi kumi na miwili kabla na kulipa mishahara ya muda huo. Mhasibu wa asasi ile ya warsha nne alijua kwamba fedha zimekatwa siku aliyoenda benki kuchukua mishahara ya Aprili.